Kome vamizi: tuhesabu siku, si vichwa

Miradi ya kujitolea inayofuatilia kome vamizi katika maziwa na mito hupenda kutangaza namba mbili: watu waliopewa mafunzo na maeneo yanayofuatiliwa. Namba hizo hupendeza kwenye ripoti ya mwaka, na wafadhili huzielewa upesi. Tatizo ni kwamba hazisemi lolote kuhusu jambo lenyewe lililofanya mradi uanzishwe. Ufuatiliaji una kazi moja tu, nayo ni kufupisha muda kati ya siku kome wa kwanza anapoingia majini na siku mwenye mamlaka anapochukua hatua. Hoja yangu ni kwamba mradi upimwe kwa muda huo. Ukiupima hivyo utakuta watu wa kujitolea wanafanya sehemu yao vizuri kuliko wanavyosifiwa, na kwamba siku nyingi zinapotea mahali ambapo wao hawapo kabisa: mezani, baada ya taarifa kutumwa.

Kwa nini siku? Kome pundamilia, ambaye kwa jina la kisayansi ni Dreissena polymorpha, na ndugu yake kome kwaga, asili yao ni mito na maziwa ya pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Mifereji iliyochimbwa kuunganisha mito ya Ulaya iliwafungulia njia ya kwenda magharibi, na katika miaka ya 1820 kome pundamilia alikuwa ameshaonekana London. Mwaka 1988 aligunduliwa Lake St. Clair, mpakani mwa Kanada na Marekani, akiwa amevuka bahari ndani ya maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Desemba 1989, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, mji wa Monroe katika jimbo la Michigan ulikosa maji, kwa kuwa bomba linalovuta maji ya mji huo kutoka Lake Erie lilikuwa limejaa kome.

Kasi hiyo inatokana na uzazi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo milioni moja kwa mwaka. Viluwiluwi wake huelea na mkondo kwa wiki kadhaa, wadogo kiasi kwamba hawaonekani bila darubini, kisha hushuka na kujishikiza kwa nyuzi ngumu kwenye jiwe, nguzo, mnyororo, bomba, au mgongo wa kome mwenyeji. Kila mmoja akishakomaa huchuja takriban lita moja ya maji kwa siku. Maji yakianza kung'aa wakazi hufurahi, wakidhani ziwa limepona. Kumbe kilichotoweka ni vijimea vidogo vinavyolisha wadudu wa majini na samaki wachanga, na mwanga unaopenya chini huotesha magugu. Mwani wenye sumu wa jamii ya Microcystis kome hawa huutema, kwa hiyo wapinzani wa mwani huo hupungua nao wenyewe hubaki na nafasi. Kome wenyeji wa Lake St. Clair, waliokuwa wa aina nyingi, karibu wote waliangamia ndani ya miaka michache.

Sasa tazama tofauti ya siku inavyokuwa. Desemba 1999 wapiga mbizi waliona kome pundamilia waliokomaa mahali pamoja katika Lake George, jimbo la New York. Uvamizi ulikuwa bado mdogo na maji ya ziwa hilo yana kalsiamu kidogo, hali isiyomfaa kome anayehitaji kujenga gamba. Wapiga mbizi walianza kuwang'oa kwa mikono mwaka 2000, wakatoa zaidi ya 19,000, na waliendelea kurudi kukagua mpaka mahali pale pakawa safi. Kwa mikono! Linganisha na Lake Mead, kusini-magharibi mwa Marekani, ambako kome kwaga waligunduliwa Januari 2007. Ukubwa wa magamba ulionyesha kwamba walikuwa wameingia muda mrefu kabla, na mwezi uleule walipatikana pia Lake Mohave na Lake Havasu, chini zaidi kwenye mto Colorado. Huko hapakuwa tena na cha kung'oa. Kilichobaki ni kusafisha mabomba na kukagua boti zinazotoka, kazi isiyo na mwisho.

Hapa ndipo mtu wa kujitolea anapoingia, na nadhani watu wengi hukosea wanapoeleza thamani yake. Husemwa kwamba ni nguvukazi ya bure. Sivyo ninavyoiona. Mtaalamu wa serikali mwenye maziwa mia ya kuangalia atafika kwenye ziwa lako mara moja kwa mwaka, akikumbuka, na atakaa saa chache. Anayeishi pale au anayevua pale kila wiki anaijua rangi ya kamba yake, anajua ngazi ya gati ilikuwaje mwezi uliopita, na akiona kitu kipya anajua ni kipya. Mtaalamu hawezi kununua mazoea hayo hata apewe bajeti nono.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kipande cha bomba la plastiki au vibao kadhaa hufungwa kwenye kamba yenye uzito chini, kikaning'inizwa kutoka gatini mahali penye kivuli, kwa kuwa kome huyu hupenda giza na mianya; huo ndio mtego. Baada ya wiki kadhaa unakivuta polepole. Macho yatakudanganya, gamba la kome aliyeshuka juzi ni dogo kuliko punje ya ufuta na limefunikwa na utelezi wa kijani. Ndiyo maana wanaofundisha kazi hii husisitiza vidole. Unapitisha vidole juu ya plastiki, ndani ya tundu la bomba, kwenye fundo la kamba. Utelezi wa kawaida ni laini. Ukihisi mkwaruzo kama wa msasa, simama hapo, toa kioo cha kukuzia na uangalie upya. Kwa walio wakubwa kuna dalili moja inayofaa kuliko zote: kome wengi wenyeji wa maji baridi wakishakua hujichimbia mchangani, hawajibandiki kwenye nguzo. Ukimkuta kome ameng'ang'ania kitu kigumu kwa nyuzi, ripoti kwanza, maswali baadaye. Ukimweka pundamilia juu ya meza atakaa sawasawa kwa upande wake wa chini ulio bapa, kwaga atapinduka.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali kuna nafasi nyingine ambayo huja mara moja kwa mwaka na hupotea ikipuuzwa. Vuli inapofika watu hutoa gati zao na vinyanyulio vya boti majini, na kwa saa chache kila chuma kilichokaa chini miezi yote kiko nchi kavu mbele ya macho. Kukagua pembe za fremu na magurudumu kabla havijakauka huzaa taarifa nyingi za kweli. Jimbo la Minnesota, kwa mfano, linataka gati au kinyanyulio kikauke kwa siku 21 kabla ya kuwekwa kwenye maji mengine. Siku hizo 21 zinatosha sana mtu kukikagua kila upande.

Sasa niseme jambo linaloniudhi zaidi katika miradi hii: kudharau ripoti ya "sijaona kitu". Mtu anavuta kamba Juni, haoni kitu, haandiki. Julai vivyo hivyo. Agosti anachoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alichokifanya Juni kilikuwa na maana. Mwishoni mwa mwaka ramani ina nukta chache nyekundu na sehemu kubwa nyeupe, na nyeupe hiyo haieleweki. Je, hapana kome, au hapana mtu? Ramani ya namna hiyo inaonyesha mahali watu wenye bidii walipo kuliko inavyoonyesha kome walipo.

Ripoti ya "sijaona", ikiwa na tarehe, mahali, kina cha maji na muda ambao mtego ulikaa, ndiyo inayotuwezesha kukadiria siku ya kuingia. Kome akipatikana Septemba mahali palipokaguliwa kwa makini Juni, Julai na Agosti, tunajua tunashughulika na uvamizi mchanga, na tunaweza kuthubutu kufanya alichofanya mpiga mbizi wa Lake George. Kome yuleyule akipatikana mahali ambapo hakuna aliyeandika chochote kwa miaka minne, hatujui lolote, na uamuzi wa kutumia fedha nyingi au kuacha unageuka kuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo anayeandika "sijaona" mara kumi ametuletea taarifa nyingi kuliko anayetuma picha moja ya kushtua. Ni haki yake aambiwe hivyo, kwa maneno hayo hayo, kila anapotuma.

Suala la mahali nalo limelegezwa mno. Mitego mingi huning'inizwa kwenye gati la mwenyewe, kwa sababu ni rahisi, na sina ugomvi na urahisi. Mtego usiokaguliwa haufai kitu hata ungewekwa mahali bora duniani. Lakini kome hawagawanyiki sawa ziwani. Huanza pale boti zinaposhushwa majini na pale zinapoegeshwa. Na boti zenyewe hazilingani kwa hatari: ile iliyokaa miezi ndani ya ziwa lenye kome, kisha ikauzwa au kuhamishwa, inaweza kubeba kome wazima kwenye usukani na kwenye njia za maji ya kupoza injini, ilhali iliyoingia asubuhi na kutoka jioni mara nyingi hubeba viluwiluwi tu ndani ya maji yaliyotuama. Inaaminika kwamba boti zilizotumika, zilizonunuliwa Uingereza, ndizo zilizompeleka kome pundamilia kwenye mto Shannon huko Ireland katika miaka ya 1990. Mradi wenye watu ishirini ungefanya vyema kuwaomba watano wao waache magati yao na kuhamia maegesho ya boti.

Pia wafundishwe zaidi ya sura moja. Kome kwaga huishi hata kwenye maji yenye ubaridi mkali, yenye kina kirefu, na hata juu ya tope laini, mahali ambapo mtego wa gatini haufiki. Aligunduliwa Ziwa Geneva mwaka 2015 na Ziwa Constance mwaka 2016, na leo wenye mitambo ya maji huko wanahangaika naye. Kome wa dhahabu, Limnoperna fortunei, mwenyeji wa Asia, alitokea Río de la Plata mwaka 1991 akapanda mito ya Amerika Kusini mpaka kwenye bwawa la Itaipu, na Oktoba 2024 alipatikana California, kwenye delta ya mito Sacramento na San Joaquin, mara ya kwanza Amerika Kaskazini. Huyu hana michirizi ya pundamilia na anavumilia maji yenye kalsiamu kidogo kuliko wenzake. Ziwa lililowahi kuambiwa "ninyi mko salama, kalsiamu yenu ni ndogo" sasa linahitaji kupimwa upya kwa macho mengine.

Nirudi mezani, kwa sababu ndiko siku zinakofia. Mtu ametuma picha. Nani anaifungua? Mara ngapi kwa wiki? Akiwa likizo, nani anashika nafasi yake? Picha ikitia shaka, nani anakwenda kuchukua sampuli, na gari la nani? Miradi mingi ina majibu mazuri ya jinsi ya kufunga kamba na haina majibu ya maswali haya. Matokeo yake ni taarifa kukaa wiki tatu kwenye sanduku la barua pepe katika msimu wa kuzaliana, wakati viluwiluwi wako majini.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mfano wa wazi ulitokea nje kabisa ya ziwa. Februari 25, 2021, mfanyakazi wa duka la wanyama wa nyumbani jijini Seattle alijaza taarifa kwenye hifadhidata ya viumbe vamizi wa majini ya taasisi ya serikali ya Marekani, USGS, kwamba ameona kome ndani ya mpira wa mwani, ile mipira ya kijani ambayo watu huiweka kwenye matangi ya samaki. Mtaalamu aliyeisoma hakuishia kushukuru. Alikwenda kwenye duka la mji wake huko Florida, upande wa pili wa nchi, akakuta kome pundamilia kwenye mpira wa aina ileile. Katika muda usiozidi wiki mbili tahadhari ilikuwa imetolewa kitaifa na kome wameripotiwa katika majimbo zaidi ya 20, na chanzo kikafuatwa hadi mizigo iliyotoka Ukraine. Yule mfanyakazi hakuwa na mafunzo maalumu ya ufuatiliaji. Alikuwa na macho na fomu, na upande wa pili wa fomu alikuwepo mtu.

Wataalamu wengine wanalalamika kwamba umma huleta makosa: konokono, vijidudu vya majini vyenye magamba, vifuko vya wadudu. Ni kweli. Hata maabara hukosea, kwani wapo vijidudu vidogo vya majini ambao chini ya darubini yenye mwanga maalumu hung'aa kama viluwiluwi wa kome. Ila gharama za makosa haya mawili hazifanani. Picha ya konokono inakula dakika tano za mtaalamu. Kome aliyepita bila kuonwa anakula miaka. Mtu aliyetuma konokono ajibiwe kwa heshima na haraka, aambiwe ni konokono wa aina gani, kwa kuwa ndiye atakayetuma kome siku ikifika. Asipojibiwa hatatuma tena.

Kuna hofu pia, na hatuna budi kuitaja. Kugundua kome kuna bei kwa aliyegundua na majirani zake. Pale Clear Lake, ndani ya hifadhi ya taifa ya Riding Mountain nchini Kanada, kome pundamilia waligunduliwa mwaka 2023, na mwaka uliofuata boti nyingi za watu binafsi zilipigwa marufuku ziwani. Anayeishi kwa kukodisha boti anaposikia habari hiyo, unatarajia atapitisha vidole kwenye kamba kwa makini kiasi gani? Mamlaka zinapaswa kueleza mapema, kabla ya mtego wa kwanza kutundikwa, hatua gani zitachukuliwa na kwa muda gani, na atakayeumia atasaidiwaje. Ukimya hapa unazaa watu wanaoona na kunyamaza.

Kuhusu kupima DNA inayoelea majini, nitasema kwa ufupi: ni msaada mkubwa wa kuelekeza macho, lakini haikuambii kama kome yuko hai, au kama chembe zile zimeletwa na boti iliyopita jana. Inahitaji mkono wa kuthibitisha, na mkono huo mara nyingi ni wa mtu wa kujitolea. Naye ajihadhari asiwe yeye msambazaji. Wavu uliovutwa kwenye ziwa moja asubuhi usiingie ziwa jingine mchana. Siki huyeyusha magamba ya viluwiluwi walionasa kwenye nyuzi za wavu. Maji ya nyuzi joto 60 huua kome. Na viatu na kamba vikaushwe kabisa.

Wapo wanaosema yote haya ni bure, kwa kuwa kome wakiingia hawatoki. Ushahidi wao si wa kupuuzwa. Ziwa Winnipeg la Kanada lilipogunduliwa kuwa na kome mwaka 2013, bandari nne zilizungushiwa mapazia na kutiwa potashi, yaani chumvi ya potasiamu, mwaka 2014. Ndani ya bandari dawa ilifanya kazi, lakini nje kome walikuwa wameshatapakaa. Katika mto Snake, Idaho, viluwiluwi wa kwaga walinaswa Septemba 2023 kwenye ukaguzi wa kawaida, sehemu ya mto ikatiwa dawa ya shaba wiki chache baadaye na samaki wengi wakafa, kisha mwaka 2024 viluwiluwi wakaonekana tena na dawa ikarudiwa. Aliyefaulu kabisa ni jimbo la Virginia, katika shimo la machimbo la Millbrook lililojaa maji: kome waligunduliwa 2002, wakauawa wote mwaka 2006 kwa kloridi ya potasiamu. Miaka zaidi ya mitatu ilipita katikati, anasa inayowezekana tu kwenye shimo la hekta chache lililojifunga.

Ninachokisoma katika mifano hiyo ni kwamba kuondoa kome ni nadra, na huwezekana pale tu uvamizi unapokuwa mdogo, yaani siku zinapokuwa chache. Hata kuondoa kunaposhindikana, kugundua mapema humpa mwenye mtambo wa maji msimu mmoja au miwili wa kujiandaa, na humwezesha mkaguzi kuzisimamisha boti zinazotoka kabla hazijafika ziwa la jirani. Maziwa ya jirani ndiyo yanayookolewa na ugunduzi huo, ingawa wakazi wake huenda wasijue kamwe nani aliwaokoa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia miradi hii ni dogo na linaweza kuanza msimu huu. Kwa kila taarifa ya kome inayothibitishwa, chapisheni hadharani tarehe nne: siku ya mwisho mahali hapo palipoandikwa "sijaona", siku taarifa ilipotumwa, siku ilipothibitishwa, na siku hatua ya kwanza ilipochukuliwa. Pengo la kwanza litaonyesha kama watu wa kujitolea wanatosha na kama wako mahali panapostahili. Mapengo mawili yanayofuata ni ya ofisi, na ofisi iyajibu kwa jina la cheo. Fedha za mwaka ujao zigawanywe kwa kufuata pengo lililo refu zaidi, hata kama maana yake ni kuajiri mtu mmoja wa kufungua picha badala ya kuchapisha fulana mia mbili za wafuatiliaji wapya.